Kanga ya Nadhiri na Jambo la Tisa

Kaeni vizuri. Mwenye haraka aondoke sasa, maana hadithi hii haimwachi mtu aende hivihivi. Mwishoni itamdai jibu, na jibu lenyewe mimi sina.

Palikuwa na watu watatu Tanga, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Daktari Semkiwa, ambaye kipaji chake kilikuwa macho. Alitazama kichwa cha mtu kwa nje akajua ndani kuna nini, au angalau alisema hivyo kwa namna ya kukufanya umwamini. Wa pili ni Bi Mashavu, na kipaji chake kilikuwa subira. Alikuwa na miaka sabini na moja, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia kitu. Wa tatu ni Mwalimu Penina, ambaye kipaji chake kilikuwa mikono. Mikono yake ilikuwa miepesi, ikifika mahali kabla jambo halijatokea. Katikati ya hao watatu palikuwa na mwanamke asiye na kipaji cha kutajwa, isipokuwa kwamba alikuwa mama wa mtoto. Aliitwa Mwajabu. Hadithi ni yake, ingawa hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

Mwajabu alikuwa fundi cherehani, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu. Alishona sare za shule za watoto wa watu. Wa kwake hakuwa na sare, kwa sababu shule tatu zilimpokea asubuhi zikamrudisha kabla ya adhuhuri. Aliitwa Sikudhani, wa miaka minane, na alikuwa na usonji. Neno hilo Mwajabu alilipata hospitali. Majirani walikuwa na maneno yao mengine, na hayo hayana haja ya kurudiwa hapa. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori la saruji la kwenda Kigoma, na nyumbani alikuja kama mgeni, akala, akashangaa kidogo, akaondoka.

Sikudhani hakusema hata neno moja. Alizungusha kifuniko cha sufuria sakafuni, akalala ubavu akikitazama mpaka kinyamaze, akakizungusha tena. Alipanga vifungo vya mama yake mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani. Alijiyumbisha mbele na nyuma akivuma kwa puani. Yote hayo hayakumuumiza mtu ila wenye macho ya kupenda kuumia. Lakini alipotimiza miaka saba, mkono wake wa kushoto ulikunja ngumi, na ngumi ikaanza kupiga jicho la kushoto. Haikupiga kwa hasira wala kwa kulia. Ilipiga tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua kuna watu ndani. Mwajabu alishona glavu akazijaza sponji ya godoro, na ngumi ikapiga vilevile, ikawa haina sauti tu. Aliifunga mikono kwa leso, akaona uso wa mtoto ulivyokuwa, akaifungua mwenyewe huku analia.

Daktari wa macho alimwambia wazi. Jicho limeanza kutia ukungu na nyuma yake pazia limelegea. Mapigo yakiendelea mwaka mmoja zaidi, jicho hilo litakwenda, na hakuna wa kuahidi kwamba mkono wa kulia hautajifunza kwa wa kushoto.

Adhuhuri ile Mwajabu alirudi nyumbani, akaswali, na akiwa bado juu ya msala akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na kanga aliyopewa na marehemu mama yake siku ya harusi, doti nzima, haijakatwa wala kupindwa. Maneno yaliyoandikwa chini yake siyasemi, ni ya mama na mwanawe. Akaiweka mapajani, akaweka nadhiri kwa sauti, mama mkwe wake, Bi Mashavu, akisikia kutoka uani.

"Ya Rabi, mikono ya mwanangu ikitulia, nitasoma maulidi hapa uani. Na yule mmoja atakayeituliza, nitamtunza kwa kanga hii mbele za watu."

Alisema "mmoja". Kumbukeni hilo. Mtu mwenye shida hasemi kwa hesabu, lakini nadhiri hulipwa kama ilivyotamkwa.

Basi mwezi huohuo habari zilimfikia kwamba hospitalini kuna daktari ana mashine ya sumaku. Haina kisu, haina sindano, haina kidonge. Ni duara la waya lililofungwa ndani ya plastiki, linawekwa juu ya kichwa, linatoa mlio mkavu, ta-ta-ta, na nguvu ya sumaku inapita kwenye fuvu kwenda kuuamsha au kuupoza ubongo pale panapotakiwa. Ilikuwa ikitumika kwa watu wazima waliozama katika huzuni. Daktari Semkiwa alikuwa amepata ruhusa ya kujaribu, kwa watoto wachache wenye usonji, kama inaweza kupunguza yale wanayoyarudia-rudia. Alimwambia Mwajabu kwamba ni jaribio, si tiba. Mwajabu alisikia, na kama mama yeyote mwenye jicho la mtoto mkononi, alisikia nusu.

Kabla ya kuanza, Mwalimu Penina wa chumba cha mazoezi alimkalisha na karatasi. Alimtaka ataje kila jambo ambalo mtoto analirudia kwa namna ileile, asiache kitu. Sasa jueni kwamba Mwajabu alikuwa amewahi kukemewa katika hospitali hiyohiyo. Muuguzi mmoja aligundua kwamba mtoto alipelekwa kwa mganga na mama akanyamaza, akampigia kelele mbele ya foleni nzima, akamwita mama wa kuficha-ficha. Tangu siku ile aliapa kwamba mtu wa hospitali akimuuliza kitu, atatoa hata uchafu wa kucha. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa darasa la saba, mzuri, wa kulala upande mmoja. Kujipiga jicho. Kujipiga sikio. Kung'ata kiganja. Kuyumba. Kuvuma. Kuzungusha kifuniko. Kupanga vifungo. Kunusa mlango kabla ya kuingia. Alipofika la tisa alisita kidogo, kisha akaandika: ananigonga begani mara tatu nikimvua viatu.

Lilikuwa jambo dogo kweli. Kila wakirudi kutoka matembezini, Mwajabu alichuchumaa mlangoni kufungua vifungo vya viatu, na Sikudhani, akitazama pembeni au dari, aliinua mkono wa kulia akaushusha juu ya mfupa wa bega la mama yake. Pa, pa, pa. Kiganja wazi, bila kuumiza. Kisha anaingia ndani. Bibi yake alipomvua viatu hakufanya hivyo. Baba yake alipomvua hakufanya. Mwajabu hakuwahi kulifikiria hilo, kama mtu asivyofikiria kizingiti anachokiruka kila siku. Aliulizwa kinachorudiwa, na hicho kilirudiwa, akakiandika. Akamalizia la kumi na la kumi na moja, akatia sahihi.

Sasa sikilizeni waliyoyafanya hao watatu.

Daktari Semkiwa aliomba ruhusa ya kutumia mashine ile kwa watoto mara tatu. Mara mbili alikataliwa, na mara moja kati ya hizo alichekwa. Alipopata, alitumia siku tatu nzima kutafuta mahali penyewe kwenye kichwa cha Sikudhani, akisogeza duara unywele kwa unywele, macho yake yakiwa kwenye kidole gumba cha mtoto, maana kidole kikicheza kidogo ndipo anajua nguvu imetosha. Nguzo ya kushikia duara ilitengenezwa kwa urefu wa watu wazima. Kwa mtoto haikufaa. Basi alilishika kwa mikono yake miwili, dakika ishirini kila siku, siku ishirini, mabega yakitetemeka na jasho likimwingia kwenye miwani, na hakusogea hata upana wa kucha. Kama si yeye, sumaku ingepiga pasipotakiwa, na kazi ya wengine ingekuwa mchezo.

Bi Mashavu alijua jambo moja ambalo daktari hakulijua: mjukuu wake hakai, hashikwi kichwa, na mlio mkavu humtia wazimu. Wiki sita kabla ya siku ya kwanza alishona kofia ya kitambaa, akamvisha kwa kuhesabu, mpaka kumi leo, mpaka ishirini kesho. Akachukua kopo la maziwa ya unga na kijiko, akakaa uani akigonga kama mashine inavyogonga, ta-ta-ta, nyamaza, ta-ta-ta, kwanza kwa mbali, kisha karibu, kisha sikioni. Majirani walisema mzee naye sasa amepata ugonjwa wa mtoto. Ilipofika siku, alimpakia kwenye keria ya baiskeli, akaikokota kutoka Ngamiani hadi hospitali, kwa sababu mtoto hakupanda gari. Akamweka mapajani, akamshika kiuno, akivuma puani vilevile mtoto anavyovuma. Alifanya hivyo siku ishirini bila kukosa hata ile ya mvua. Kama si yeye, mtoto asingekaa dakika mbili, na macho ya daktari yangebaki yakitazama kiti kitupu.

Mwalimu Penina alipokea mtoto pale mashine ilipozimwa. Daktari alisema ubongo kwa saa moja baada ya sumaku huwa mlaini, hukubali kufundishwa, ingawa alisema pia kwamba hilo bado linachunguzwa. Penina aliitumia saa hiyo yote. Alibandika ile orodha ukutani. Mkono ulipoanza safari ya kwenda jichoni, mikono yake ilikuwa imeshafika. Aliushika kwa upole, akaushusha, akasema neno moja tu, "Magotini." Mkono ukapanda tena, akaushusha tena, magotini. Mara elfu, mara elfu mbili. Mtu angepita dirishani angejiuliza nani hasa hapo ndani ana ugonjwa wa kurudia-rudia. Siku ya tano mtoto alimpiga kichwa mdomoni na jino la mbele likavunjika, naye akatema damu kwenye beseni akarudi kukaa. Hakuruka jambo hata moja. Wakati mmoja, karibu siku ya tisa, alimwomba Mwajabu ile kanga anayojifunga nyumbani, bila kufuliwa. Alisema anaihitaji kwa zoezi. Mwajabu alimpa kwa furaha, akaona hapa kuna mwalimu anayejua kazi. Kama si Penina, mtoto angetoka kwenye mashine na ngumi yake ileile, imepumzika kidogo tu.

Siku ya kumi na nane Sikudhani alijipiga mara tatu. Siku ya kumi na tisa mara moja. Siku ya ishirini hakujipiga.

Mwajabu hakuamini. Wiki nzima alishona macho yakiwa pembeni, akajishona kidole mara mbili. Mikono ilikaa magotini. Mtoto alikaa kwenye mkeka, amenyooka, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Daktari wa macho akasema ukungu umesimama. Mwajabu alilia barabarani bila aibu, na watu wakampa pole wakidhani amefiwa.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa, na yeye mwenyewe hakujua ni kitu gani. Siku hizo, akimvua mtoto viatu mlangoni, kazi ilikwisha haraka. Alijikuta amechuchumaa bado, viatu mkononi, mtoto ameshapita ndani, naye anasubiri kama aliyesahau alichotumwa dukani. Kisha anainuka, anasema ni magoti ya uzee yanaanza.

Mwezi wa pili ukaingia, ikaja siku ya nadhiri. Ilikuwa Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, uani, majamvi yametandikwa, udi unafuka, pilau inanukia barabara nzima. Mwalimu wa kike wa madrasa aliongoza maulidi, na wale watatu walikuwa wamealikwa. Sikudhani alikaa katikati ya wanawake, kavishwa gauni jipya, mikono magotini, na kila aliyeingia alimtazama kwanza mikono kabla ya kumtazama uso. Walipomaliza kusoma, Mwajabu akatoa kanga ya mama yake, akaeleza nadhiri yake ilivyokuwa. Na hapo ndipo lile neno "mmoja" lilipowakaba.

Mtu akapendekeza doti ikatwe. Mwalimu wa madrasa akakataa. Aliyetajwa ni mmoja na kilichotajwa ni kanga hii, na ukiikata vipande umelipa kitu kingine. Wakatazamana.

Bi Mashavu hakuwa mtu wa kujificha. Alisema yeye ndiye aliyekikalisha kichwa, na kichwa kisichokaa hakitibiwi hata na malaika. Daktari Semkiwa alisema yeye hadai kitu chochote, kisha akatumia muda mrefu sana kueleza kitu asichokidai. Ulimi wa Penina ulikuwa ukicheza pale jino lilipokuwa, na wanawake wote waliona. Shangazi mmoja akasema mwenye kumwaga damu ndiye mwenye haki. Mwingine akasema waganga wa kienyeji wangapi wametema damu na hawakuponya mtu. Maneno yalianza kuwa makali, yale ya kucheka kwa meno. Hakuna aliyemtazama Mwajabu, na hakuna aliyemtazama mtoto. Watu wanapogombea sifa, mwenye jambo huwa mzigo kidogo.

Daktari Semkiwa akaamua kuwatuliza kwa kitu alichokijua. Wengine huja shughulini na sukari. Yeye alikuja na jedwali. Akasimama, akavaa miwani, akasema atawasomea hesabu, ili waone kazi ilivyokuwa kubwa kabla ya kubishana ni ya nani.

"La kwanza, kujipiga jicho. Kutoka mara mia na themanini kwa siku hadi sifuri."

Vigelegele. La pili, kujipiga sikio, kutoka arobaini hadi sifuri. Vigelegele. Kung'ata kiganja, sifuri. Kuyumba, kumepungua zaidi ya nusu. Kifuniko, mara mbili tu kwa siku. Alisoma vizuri, akinyamaza pale palipostahili makofi, na wanawake walikuwa wameshaukamata mdundo, kila sifuri inapata chake.

"La tisa, kumgonga mama begani mara tatu anapovuliwa viatu. Kutoka kila siku hadi sifuri."

Vigelegele vikapigwa tena, na vya Bi Mashavu vilikuwa virefu kuliko vyote.

Mkono wa Mwajabu ulikwenda wenyewe kwenye mfupa wa bega lake. Ukakaa pale. Aliwasikia wakishangilia, na ilimchukua muda kuelewa kwamba wanashangilia hilo. Miezi miwili alikuwa amechuchumaa mlangoni bila kujua anasubiri nini. Sasa alijua, na alijulishwa kwa kusomewa.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Hilo la tisa. Nani aliliondoa?"

Penina alidhani anasifiwa. Alikuwa amesubiri mchana kutwa mtu amsifu. "Hilo lilikuwa jepesi, Mama Siku. Siku nne tu. Mwanzo kwangu hakulifanya, ndiyo maana nikaomba kanga yako. Nikajifunga, nikachuchumaa kama wewe, nikamvua viatu. Akanusa, akainua mkono mwenyewe. Nami nikaushusha magotini."

"Aliuinua mara ngapi?"

"Siku ya kwanza mara nyingi. Alikuwa mbishi. Siku ya nne hakuuinua tena."

Wanawake waliozaa walielewa wa kwanza, na mmoja wao akashika mdomo. Penina alitazama nyuso moja baada ya nyingine, na polepole naye akaelewa, na uso wake ukabadilika. Nawaambieni ukweli, hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya hadithi hii ingekuwa rahisi.

Kisha likaanza jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Wale waliokuwa wakivutana kwenda mbele, sasa walivutana kurudi nyuma.

Daktari Semkiwa alisema mashine haichagui. Inalainisha tu, na kinachofundishwa baadaye ni cha chumba cha mazoezi. Tena, kwa uaminifu, hawezi hata kuapa kwamba ni mashine. Watoto hukua, huacha mambo, na mtoto mmoja hatoshi kumjulisha mtu kitu. Dakika kumi kabla, mtoto mmoja alikuwa ametosha. Penina akasema kwa sauti ndogo kwamba bila sumaku asingeweza kulifuta jambo kwa siku nne, na kwamba yeye alifuata orodha, hakuongeza wala kupunguza. Bi Mashavu akasema yeye kazi yake ilikuwa kukalisha tu, mwanamke mzee ataondoa nini kwenye ubongo wa mtu.

"Na orodha aliandika nani?" aliuliza Bi Mashavu, akitafuta pa kuitupa lawama.

Penina aliitoa karatasi kwenye mkoba, akaifungua juu ya mkeka. Hapo palikuwa na mwandiko mzuri wa kulala upande mmoja, na sahihi chini yake.

Mwajabu aliusoma mwandiko wake kwa muda mrefu. Kila neno lilikuwa la kweli. Hakuwa ameficha hata kimoja.

Akamuuliza daktari kama hilo la tisa linaweza kurudishwa peke yake. Daktari akavua miwani, na safari hii hakueleza kirefu. Alisema hajui. Alisema nguvu ya mashine huenda ikafifia baada ya miezi, ndiyo maana Jumatatu wanatakiwa kuanza awamu ya pili. Wakiacha, huenda mambo yakarudi. Hajui lipi litarudi, la tisa au la kwanza, au yote pamoja, au ngumi peke yake.

"Basi Jumatatu tutakuja," alisema Mwajabu. "Jicho ni jicho."

Hakuna aliyethubutu kumpa pole.

Akainuka na kanga mikononi, doti nzima, haijakatwa. Akawasogelea wale watatu waliokaa mstari mmoja kwenye jamvi, mama mkwe wake, daktari, na mwalimu.

"Nadhiri yangu iko palepale," alisema. "Mwanangu ana jicho, na mmoja wenu ndiye aliyempa. Nawashukuru, na sisemi kwa kejeli. Lakini mikono iliyotulia ni miwili. Wa kushoto ulikuwa ukimpiga yeye, wa kulia ulikuwa ukinigonga mimi, na aliyeutuliza huu ndiye aliyeutuliza ule. Atakayeichukua kanga ya mama yangu, aichukue pamoja na la tisa."

Akaishika mbele yao. Bi Mashavu alitazama pilau. Daktari alifuta miwani iliyokuwa safi. Penina alinyoosha mkono nusu, ukasimama hewani, kisha akaushusha mwenyewe, ukakaa gotini.

Jirani mmoja akasema basi apewe mtoto, ndiye mwenye mikono, na ndiye aliyekaa siku ishirini chini ya mlio ule bila mtu kumuuliza. Mwalimu wa madrasa akawaza, akauliza: mtoto alituliza mikono yake, au alitulizwa? Mwingine akanong'ona kwamba kwa haki yote kanga abaki nayo Mwajabu, kwani bila orodha yake kusingekuwa na kazi. Alinong'ona, lakini Mwajabu alisikia.

Sikudhani alikuwa katikati yao, amenyooka, anatazama moshi wa udi. Mikono yake haikusogea.

Watu walikula, wakaondoka. Kanga ikarudi sandukuni bila kukatwa, na nadhiri ambayo haijalipwa ikabaki shingoni kwa mwenyewe. Jumatatu walikwenda hospitali, na Jumanne, na bado wanakwenda. Bi Mashavu anakokota baiskeli, daktari anashika duara. Penina ameikata karatasi kwa mkasi, la tisa halimo tena. Amekuwa akimvua mtoto viatu kila siku, akichuchumaa, akisubiri mkono uinuke ili safari hii auache. Hauinuki. Mtoto anajua somo lake.

Na nyumbani Mwajabu anachuchumaa mlangoni, anafungua vifungo vya viatu polepole kuliko inavyohitajika, kimoja, kisha cha pili, bega lake la kushoto amelisogeza mbele kidogo.

Haya, nimemaliza yangu. Aliyeona mahali pa kugusa, aliyemkalisha mtoto pakagusika, aliyeifundisha mikono kutulia, aliyeandika cha kufundishwa, na aliyefundishwa. Kanga ni moja, na atakayevishwa atavishwa pamoja na yote mawili, jicho na la tisa. Wewe uliyekaa hapo ukisikiliza, ungemvisha nani?